Siku Tulipeleka Pumba ku Kanisa

Batoto yangu, muliniomba niwafundishe kazi ya pumba mbele mugongo yangu haijakataa kabisa. Muzuri. Ikaleni. Lakini nawaambia mapema: huyu mama munamuuliza, kichwa yake imechanganyika. Nimepika pumba ya mahindi tangu wakati kambi yetu hii ya bakimbizi, Mantapala, ilikuwa pori na mahema, nimeipika mupaka moshi imenikausha macho, na kuko mambo sielewi hata leo. Vile inafanyika, najua. Juu ya nini inafanyika, pale njo napotea njia.

Munacheka. Chekeni tu. Mutafika umri yangu, mutaona vile mutu anaweza kufanya kazi na kuifanya vizuri, na ukimuuliza kazi yenyewe ni nini, anatazama miguu yake.

Tuanze na pumba. Kule kwetu Pweto, Kongo, mutu akikuambia unakula pumba, amekutukana wewe na mama yako. Pumba ni ya bata. Ni ya nguruwe. Bavuvi banaitupaka mu maji, ya kuita samaki. Mwaka ya njaa tulikula, ndiyo, lakini tulikula mulango imefungwa. Donke, siku enjeniere wa mashamba alikuja kutuambia pumba ni kitu ya maana, eti itatuletea chakula mu udongo hii, bamama bote tulitazamana. Mumoja aliniuliza pole pole kama huyu kijana alikula asubuhi.

Enjeniere Mwansa alikuwa mutoto wa Nchelenge. Muzambia kabisa, Kibemba njo luga yake, lakini alikomaa pembeni ya bandari na alijifunza Kiswahili ku Bakongomani benye kuuza samaki. Sasa Kiswahili yake ilikuwa ya soko. Alitueleza mikrobe, vidudu vidogo kabisa, vile mutu anauza beseni ya samaki.

"Ba Mama," alisema, na alinyanyua chupa yenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, "hapa ndani muko bafanyakazi mingi sana. Bazuri, freshi, ba leo. Munabapa pumba, banakula, banazaana. Munabapaka ku mbegu ya soya, banaingia mu mizizi, banajenga nyumba. Banakamata chakula mu hewa, banaipa soya. Na hamubalipi."

Nilitazama ile chupa. Niliona maji.

"Beko wapi?"

"Macho haibaoni, mukwai," alijibu na heshima yabo ya Kibemba.

"Na hiyo chakula mu hewa, nayo macho haiioni?"

"Haiioni."

Alore, nilisema mu roho, huyu ni pasta wa pili.

Alinichagua mimi juu nilikuwa mupishi wa vilio. Kule Pweto mutu akifa, njo mimi naitwa kusimama ku masufuria ya kulisha kijiji muzima, na moto mukubwa hainishitue. Enjeniere alitafuta mutu anajua kushika moto siku muzima bila kuiacha ilale. Hakutafuta mutu anaelewa, na hapo alibahatika.

Sasa mikono. Hii musikilize vizuri, na kama munataka muandike mu telefone zenu. Pumba unachukua ya leo, yenye imetoka ku chigayo, mashini ya kusaga, ingali na joto. Ya zamani iko na wadudu na uchachu, uipatie bata. Unaipepeta, unatoa vipande vikubwa. Unachanganya jivu kidogo, kidogo sana, juu pumba inapendaka kugeuka kali na bageni betu, bale mikrobe, habapendi ukali. Unanyunyizia maji. Halafu unakamata mu ngumi, unafinya. Maji ikitoka mu vidole, umezamisha. Ukifungua mukono na ikaanguka sawa muchanga, ingali na kiu. Tunataka ibakie donge, na ukiigusa na kidole, ivunjike. Sijue kuieleza zaidi ya hapo. Mutafinya mupaka mukono itawaambia.

Unaiweka mu sashe, mifuko midogo ya plastiki, unaziba mudomo ya sashe na pamba, unapanga mu pipa juu ya fito, maji iko chini na haigusi sashe. Mvuke njo inapika. Moto unashika tangu asubuhi mupaka jua inaanza kushuka. Kisha unaacha ipoe. Unaipima na shavu, usiipime na mukono, juu mukono ya mupishi ilikufa zamani. Shavu ikikuambia hii ni maji ya kuogesha mutoto muchanga, njo unaingiza ile maji ya chupa na sindano, kidogo mu kila sashe. Kisha unalaza sashe mu kivuli na unabaachia bageni nyumba yabo.

Pale njo kichwa yangu ilianza kuchanganyika. Nilimuuliza: "Enjeniere, unanipikisha pumba siku muzima ili kila kitu kizima ndani kife. Halafu unaleta vitu vizima unavitia mule mule. Kama ulitaka uzima, juu ya nini tuliua?"

Alifikiri. Hakuwa mutu wa kudanganya, hiyo nilimupenda. "Ba Mama, mugeni akikuja, unafagia nyumba, ao unamulaza pamoja na mapanya?"

Nilikubali. Lakini nilirudi ku nyumba nikiwaza: sisi tulipofika hapa, nani alitufagilia? Babu zetu balisema mugeni siku mbili, ya tatu umupe jembe. Sisi jembe tulipewa siku ya kwanza, na pori ya kufyeka juu. Kumbe mikrobe inapokelewa vizuri kupita mukimbizi. Nilimuambia Enjeniere hivyo kesho yake, alicheka mupaka akashika pipa, akaungua kidole.

Pumba yenyewe ilitoka ku chigayo ya Kazadi. Kazadi ni mutu wa Moba, mashini anaijua vizuri, na lutuku anaijua zaidi. Lutuku ni ile pombe ya moto, ukiimwaga chini majani inalala. Siku moja alisaga chisense, bale samaki badogo ba ziwa, ya chakula ya kuku, na nyuma yake akasaga mahindi yetu bila kusafisha mashini. Pumba ilinuka bandari. Nikaipika, ikanuka bandari yenye homa. Bata ya kambi yote ilikuja ikakaa kuzunguka pipa, kimya, kama batu ya kilio benye kungojea chakula. Chumvi ya samaki iliua bageni betu bote. Nilipoenda kumugombeza, Kazadi alinitazama na macho yake mekundu: "Mama Monga, mi nilifikiri vidudu vya Nchelenge vinapenda samaki."

Utamujibu nini mutu kama huyu? Nilimuambia aoshe mashini. Tangu pale, mbele ya kupokea pumba, nanusa. Na nyinyi munuse. Pua haidanganyi sana.

Sasa mudogo yangu Sifa. Hii yote naieleza juu yake.

Mu tumbo ya mama yetu tulitoka mingi. Tulivuka ziwa tumebakia sisi mbili. Tulipita kambi ya Kenani, tukaletwa hapa, tukapewa kila mutu shamba yake. Bwana ya Sifa alibakia kule, mu udongo, na Sifa hakuona nani alimuzika. Mutu ya vile anangojeaka alama. Kila kitu kwake ni Mungu anasema. Jogoo ikilia saa ya mubaya, Mungu anasema. Mahindi ya mwaka yake ya kwanza ilitoka nyembamba sawa majani ya kitunguu, akasema Mungu anasema. Mwaka ya pili karanga iliingia mchwa. Njo aliniambia mimi yaya yake, mukubwa wake: "Yaya, nangojea mvua moja tu. Udongo hii ikinikataa tena, narudi ng'ambo."

Arudi wapi? Nyumba iliungua, na balioichoma bangali kule, banakula na kulala. Nilimuambia hivyo. Alinijibu, "Kule angalau udongo inanijua."

Niliogopa, batoto yangu. Siku zile nilikuwa naamuka asubuhi, jambo ya kwanza nasikiliza kama anafagia nje ya mulango yake. Nikisikia ufagio, njo napika chai.

Basi nilimuahidi. Soya ilikuwa mpya mu udongo ya hapa, na Enjeniere alisema soya isipopewa bageni bake, inakuwa manjano na kufa njaa. Nilimuambia Sifa, mvua hii utapanda soya yenye kupakwa na pumba yangu, na utaona. Niliapa. Niliapa juu ya kitu macho haiioni na kichwa yangu haielewi, lakini mudogo yako akitaka kurudi mu moto, utaapa juu ya chochote.

Enjeniere alitupa sheria. Mbegu inapakwa asubuhi mu kivuli, na uji ya sukari kidogo ili pumba ishike. Inapandwa siku ile ile. Isione jua. Sheria zilikuwa nyepesi, na tulizishika. Mutu asiseme hatukuzishika.

Lakini kwetu mbegu haiingie mu udongo bila kupita ku kanisa. Ni hivyo tangu bibi. Unaleta beseni yako, inawekwa mbele, Pasta anainua mikono, njo unaenda kupanda. Mwaka ile, juu pumba ilikuwa jambo mupya, Pasta alisema tutabariki mbegu na bidudu vyake pamoja, siku ya Posho, njo Jumamosi, kisha kila mutu aende shamba. Alisema itakuwa sala fupi.

Posho asubuhi bamama tulipaka mbegu ku nyumba yangu. Kila mutu alikuja na beseni yake, tukachanganya chini ya nyasi za paa, mikono nyeusi na jivu, tukiimba. Kisha tukabeba ku kichwa, moja kwa moja ku kanisa.

Kanisa wakati ule ilikuwa nguzo na turubai moja, na turubai ilifika Pasta na kwaya peke yake. Sisi tulikaa chini ya miti. Mabeseni tulipanga mbele, ku uwanja, mahali Mungu anaona vizuri. Ya Sifa ilikuwa ya kwanza, katikati kabisa, imejaa mupaka mudomo. Mvua ya usiku ilikuwa imeisha, mawingu ikaondoka, na Pasta akashukuru juu ya siku muzuri. Tulisema amina.

Na ile sala fupi. Mulimujua Pasta, Mungu amupumzishe. Alianza ku mbegu ya Adamu. Alipofika ku Nuhu, kwaya ya bamama iliimba. Alipofika ku Ibrahimu, kwaya ya vijana ilikasirika juu haijaimba, ikaimba. Kisha mutu mumoja alikuwa na ushuhuda. Tulipotoka, vivuli yetu ilikuwa chini ya miguu, na beseni ya Sifa alipoibeba alisema, "Yaya, baraka iko moto." Alifurahi. Na mimi nilifurahi.

Kazadi hakukuja. Nilimupatia mbegu yake yenye kupakwa asubuhi ile ile, mbele ya kwenda, kwa hasira, juu nilijua hatakuja. Beseni yake ilikaa chini ya kitanda, na yeye juu ya kitanda. Alipanda akiamuka.

Soya ikatoka. Mwanzo ilikuwa sawa pote. Kisha, pole pole, mashamba ya kanisa ilianza kubadilika rangi. Majani ya chini, halafu ya juu, manjano. Ya Sifa ilikuwa manjano kupita zote. Na pembeni yake, njia ndogo tu katikati, shamba ya Kazadi ilikuwa kijani ya kukasirisha. Majani mapana, shina nene. Kazadi mwenyewe aliona aibu, alikuwa anapita na kichwa chini.

Ile wakati njo kambi muzima iliingia mu kichwa yangu, juu bote sasa balichanganyikiwa pamoja na mimi. Pasta alihubiri kwamba Mungu anajaribu imani. Siku ya Mungu yenye kufuata, alihubiri kwamba kuko zambi yenye kufichwa kati yetu, na batu balianza kutazamana. Ya tatu hakugusa soya, alihubiri juu ya ndoa. Bengine balisema Kazadi ni mulozi, anavuta nguvu ya mashamba ya benye kusali usiku na kuiweka mu yake. Balikataa kusaga kwake, banabeba mahindi mupaka Nchelenge. Chigayo ilinyamaza, na mimi pumba sikuona tena.

Kazadi alikuja kwangu, hakunywa siku ile. "Mama Monga, nilifanya nini? Nililala tu."

"Ulilala namna gani?" niliuliza. Na niliuliza kwa kweli. Nilikuwa nimefika pale.

Enjeniere alikuja na pikipiki yake. Alitembea mu shamba ya Sifa, alitembea mu ya Kazadi, alisimama mu ile njia ya katikati, akakuna kichwa. "Pipa moja. Chupa moja. Pumba moja. Awe, hapana, Ba Mama, hii sielewi."

Nilimukasirikia. Nilimuambia: "Nimepika mwaka muzima bila kuelewa, juu nilijua wewe unaelewa. Sasa wewe pia huelewi. Nani anaelewa?" Alikaa chini, pembeni ya pikipiki yake. Nilimupa maji, juu alikuwa mutoto wa mutu.

Sifa hakugombana na mutu. Alisema tu, "Yaya, sasa Mungu anasema wazi. Niliweka beseni yangu ya kwanza mbele yake, na yangu njo alikataa kupita zote." Asubuhi yenye kufuata sikusikia ufagio. Nilikimbia, nikamukuta anafunga muzigo. Sufuria, nguo, picha ya bwana yake, yote mu kitenge ya bluu, ile ile alivuka nayo. Bafanya biashara ya samaki balikuwa banarudi Pweto, balimupa nafasi mu mashua ya kesho.

Nililia mbele yake. Sikuficha. Alinipangusa na mukono, akasema, "Twende shamba, nikuachie."

Hii desturi munaijua, lakini nyinyi munaifanya juu juu. Mutu haachi shamba sawa anatupa maganda. Anashika mukono ya mwenye kubakia, banatembea mipaka yote, kona na kona, ili udongo ijue mwenyewe mupya. Sikutaka. Lakini kukataa kupokea shamba ya ndugu yako ni kumulaani mu safari. Nikamupa mukono.

Tulianza ku njia, upande ya Kazadi. Tulipita manjano, manjano, manjano. Sifa alikuwa ameacha kupalilia tangu rangi ilibadilika, aibu ilimushika, na ile kona ya chini, karibu na dambo pale maji inapita, hakufika tena. Majani ya pori ilifunika. Tulipoifika alisimama, akaniminya mukono.

Mistari ya mwisho ilikuwa kijani. Mu pori ile ile, bila kupaliliwa, kijani sawa ya Kazadi.

"Kazadi ameingia mupaka huku?" Sifa aliuliza, na sauti yake iliogopa.

Enjeniere alikuwa amerudi asubuhi ile, alikuwa ng'ambo ya njia, anachimba udongo ya Kazadi. Nilimuita. Alikuja, akatazama, akasema labda ni maji ya dambo. Lakini aliinama, akachimba mumea moja pole pole na udongo yake, akaisuuza mu maji. Mizizi ilikuwa na vinundu, mingi, kama shanga. Alikata kimoja na ukucha. Ndani ilikuwa nyekundu kidogo, rangi ya nyama mbichi. Hii muishike, batoto: kinundu ikiwa nyekundu ndani, bageni banafanya kazi. Ikiwa nyeupe ao kijani, banakula bure. Kisha akang'oa mumea ya manjano. Mizizi ilikuwa safi sawa fimbo ya ufagio.

"Ba Mama Sifa, hii mistari ulipanda na mbegu gani?"

"Ile ile. Beseni moja."

"Ulianzia wapi?"

"Ku njia. Nilishuka." Alionyesha, beseni ku kiuno, mukono inachota. "Nilichota, nilichota, mupaka huku beseni ikaisha."

"Donke hapa ni mbegu ya chini ya beseni."

"Ya chini, ndiyo."

"Na ya juu ya beseni ilipandwa kule ku njia." Alitazama mistari ya kijani, alitazama ya manjano. "Asubuhi ile, mbele ya kupanda, beseni ilikaa wapi?"

"Ku kanisa."

"Ndani ya kivuli?"

Sifa aligeuka. Alinitazama. Na mimi nilimutazama. Niliona ile uwanja, mabeseni, Pasta mu Nuhu, mawingu ikienda zake na sisi tukisema amina. Isione jua. Tulijua, bote tulijua, tungemupiga mutu angeanika ile mbegu pamoja na mihogo yake. Lakini uwanja ya kanisa si mahali ya kuanika mihogo. Hatukufikiri jua ya pale ni jua. Bageni ba juu ya beseni balikufa mu sala, na ba chini balijificha chini ya benzabo, balipona. Na ba Kazadi balilala pamoja na yeye.

Nilianza kucheka. Nilicheka mupaka nikakaa mu udongo. Enjeniere naye alicheka, halafu akaacha, juu Sifa hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika ule muzizi wenye vinundu na mikono mbili, machozi inashuka bila sauti.

"Yaya," alisema, "kumbe hakunikataa."

"Hakukukataa."

"Ilikuwa jua."

"Jua tu, mudogo yangu."

Alikaa pembeni yangu mu manjano yake. Tulikaa pale mupaka Enjeniere akachoka kusimama, akarudi ku kazi yake.

Mashua iliondoka kesho yake bila Sifa. Mwaka ile hakuvuna kitu ya maana, bote tulikula soya ya Kazadi, na Kazadi alitukumbusha kila siku. Chigayo yake ilinguruma tena. Ku Pasta, Sifa njo alienda kumueleza, si mimi. Pasta aliuliza, "Kwa hiyo nisali kifupi?" Sifa alimuambia asali vile Roho anamutuma, lakini mabeseni ikae mu kivuli.

Kazadi tulimualika ku kanisa mvua yenye kufuata. Alikataa. Alisema mara ya kwanza alibaki ku kitanda na mambo ilienda vizuri, yeye si mutu wa kubadilisha dawa yenye kuponyesha.

Muniulize sasa kama naelewa. Juu ya nini Mungu, anaona tunamuletea mbegu, asisogeze wingu kidogo? Wingu moja. Nilimuuliza Pasta, alisema njia zake hazichunguziki. Nilimuuliza Enjeniere, alisema hiyo haiko mu kazi yake. Nimeishika ile swali mupaka leo, napika nayo, nalala nayo.

Lakini mvua yenye kufuata, siku ya kubariki, kivuli ya turubai haikutosha mabeseni yote. Tulisimama pale tunatazama jua inakuja, batu na mabeseni mu mikono. Sifa aliondoka mbio ku nyumba yake. Alirudi na ile kitenge ya bluu, ingali na mikunjo ya fundo. Aliikunjua juu ya mabeseni, upande moja akashika yeye, upande ingine ukaanguka chini.

"Yaya, shika huku."

"Sifa," nilimuambia, "hii yote, wewe unaielewa?"

"Hapana. Shika."

Nikashika. Mikono ilituuma, juu Pasta alianza tena ku Adamu. Tumeishika kila mwaka tangu pale, lakini sasa mugongo yangu haisimame tena ile muda yote. Posho yenye kuja Sifa atakuwa pale na kitenge yake, na upande ya pili hauna mutu. Mumoja wenu aende.